Simu nzima, programu yagoma: Ahadi ya mifumo endeshi inavyopimwa Kasongo na Kabambare

Simu haijaanguka, kioo hakijapasuka, betri inashika chaji na uniti zimo. Hata hivyo, tangu Oktoba 24, 2023, mwenye simu ya Android ya toleo lililo chini ya 5.0 yuko nje ya orodha ya watu wanaohudumiwa na WhatsApp. Kifaa chake hakijafa. Kilichokatika ni makubaliano kati ya programu na mfumo unaoiendesha.

Katika jiji kubwa, jibu la tatizo hilo ni kununua simu nyingine. Katika wilaya za Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jibu hilo ni ghali. Barabara za udongo huharibika msimu wa mvua na kufanya kila bidhaa ipande bei njiani. Nyumba nyingi hutegemea paneli ya sola au jenereta ya jirani ili kuchaji simu. Mega za intaneti hununuliwa kidogo kidogo. Simu yenyewe hutoka mkono mmoja hadi mwingine: mzazi akipata nyingine, ile ya zamani humwachia mtoto, kisha ikaenda kwa ndugu aliye kijijini.

Kifaa ambacho jijini kinahesabiwa kizee, huku ndipo kinaanza maisha ya pili. Kwa hiyo swali ambalo wengi hudhani ni la wataalamu peke yao, yaani nini hufanya mfumo endeshi uwe jukwaa thabiti linalopatana na programu za jana na za leo, linamgusa moja kwa moja mama anayesubiri sauti ya mwanawe kutoka Bukavu, muuguzi anayetuma ripoti ya mwezi na mchuuzi wa Salamabila anayepokea malipo kwa simu.

Kazi ya mtu wa kati

Mfumo endeshi ni programu kuu inayokaa kati ya vyuma vya kifaa na programu nyingine zote. Android, iOS, Windows na Linux ni mifano yake. Programu ya kupiga picha haijui jinsi kamera ya kila kampuni ilivyoundwa, na haina haja ya kujua. Kazi yake ni kuuomba mfumo: fungua kamera, hifadhi faili hili, tuma ujumbe huu, niambie saa ngapi. Mfumo hupokea ombi, hulitekeleza kwenye kifaa na kurudisha jibu.

Maombi hayo yana sura maalumu iliyoandikwa na kukubaliwa mapema, mfano wa fomu ya ofisini yenye nafasi za kujaza. Fomu isipobadilika, aliyejifunza kuijaza miaka 10 iliyopita bado atahudumiwa leo. Siku ofisi inapobadilisha fomu bila kutangaza, mtu huyo hurudishwa nyumbani, hata kama shida yake ni ileile na karani ni yuleyule.

Hapo ndipo neno uthabiti linapopata maana mbili. Maana ya kwanza kila mtu anaijua: mfumo haugandi na haujizimi katikati ya kazi. Maana ya pili huonekana tu inapovunjika: kanuni ambazo programu inazitegemea hazibadiliki ovyo. Mfumo unaweza kuwa wa kasi na wa kupendeza macho, lakini kama kila toleo jipya linavunja programu za toleo lililotangulia, huo bado haujawa jukwaa la kujengea kitu cha kudumu.

Ahadi ni deni

Mfano unaotajwa mara nyingi ni Linux, ambao kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland. Torvalds ameshikilia kanuni moja kwa ukali kwa miaka yote: badiliko lolote ndani ya kiini likisababisha programu iliyokuwa ikifanya kazi kukwama, kosa ni la kiini. Mwenye programu haambiwi ajirekebishe. Badiliko ndilo linaloondolewa.

Kanuni hiyo ina uzito hata Kasongo, kwa sababu kiini cha Linux ndicho kilicho ndani ya kila simu ya Android tangu simu ya kwanza ya mfumo huo ilipotoka mwaka 2008.

Kampuni ya Microsoft nayo ililipa deni kama hilo kwa njia yake. Miongoni mwa watengenezaji wa programu husimuliwa habari za mchezo wa SimCity, ambao uliendelea kutumia sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta baada ya kuirudisha, kosa ambalo kwenye mfumo wa zamani halikuonekana. Kwenye Windows 95 lingeuangusha mchezo. Wahandisi wa Microsoft waliingiza ndani ya mfumo wao maelekezo ya pekee: ukiona SimCity inaendeshwa, usiichukue kumbukumbu hiyo haraka. Kosa lilikuwa la mwingine, lakini mteja angeilaumu Windows.

Uungwana wa namna hiyo una gharama. Kila kanuni ya zamani inayohifadhiwa ni mzigo wa ziada, na wakati mwingine ni mlango ambao wezi wa mtandaoni hupitia. Ndiyo maana hata Microsoft ilifika mahali ikatua baadhi ya mizigo: matoleo ya Windows ya biti 64 hayaendeshi tena programu za biti 16 za enzi za mwanzo. Windows XP iliacha kupata marekebisho ya usalama Aprili 8, 2014, Windows 7 ikafuata Januari 14, 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ikakoma Oktoba 14, 2025. Windows 11 inadai kifaa chenye kichakato kipya na kijisehemu cha usalama ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina. Kompyuta ya ofisi inayochapisha barua vizuri kabisa inajikuta upande usiofaa wa tarehe.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Tatizo la Maniema ni kwamba kipya chenyewe hakifiki kwa wakati, na cha zamani kinazimwa na watu wasiojua kuwa bado kinatumika.

Mnyororo mrefu

Kwenye simu, ahadi ya uthabiti hupita mikono mingi. Google hutoa toleo la Android. Mtengenezaji wa kichakato huandika programu ndogo zinazouwezesha mfumo kuzungumza na kipande chake. Kampuni ya simu huongeza sura na programu zake, kisha hujaribu na kusambaza. Mkono mmoja ukikataa kuendelea, simu hubaki palepale ilipozaliwa. Simu za bei nafuu, ambazo ndizo hufika kwa wingi katika masoko ya Kongo mashariki, ndizo aghalabu huachwa mapema.

Google ilijaribu kuufupisha mnyororo huo mwaka 2017 kupitia Android 8.0, kwa mpango ulioitwa Treble. Wazo lake lilikuwa kutenganisha sehemu ya mfumo na sehemu inayohusu kichakato, na kuweka kati yake mpaka usiobadilika, ili mfumo mpya uweze kuwekwa juu bila kusubiri kila kitu cha chini kiandikwe upya. Mwaka huohuo ilizindua Android Go, toleo jepesi kwa simu zenye kumbukumbu ndogo.

Kuna pia mtihani. Kampuni inayotaka kuuza simu yenye duka la Google Play lazima simu hiyo ipite majaribio ya upatanifu, maelfu ya maswali yanayokagua kama mfumo unajibu maombi ya programu kama ilivyoahidiwa. Simu za bandia, zinazovaa jina la kampuni maarufu huku ndani zikiwa na mfumo uliobandikwa, hazijapita mtihani huo. Ndizo ambazo programu hugoma bila sababu inayoeleweka, na mnunuzi hubaki akilaumu mtandao.

Pamoja na juhudi hizo, tarehe za kuachana zimeendelea kufika. Agosti 2019 duka la Google Play lilianza kudai programu zinazotumia lugha ya mashine ziwe pia na toleo la biti 64. Agosti 2023 huduma za Google Play zikaacha kuhudumia Android 4.4. Kwa mtu aliye mbali na maduka, kila tarehe ni ukuta mpya.

Siku ambayo tovuti zingefungwa

Mwaka 2021 ulionyesha kwamba wakati mwingine kuta hizo zinaweza kusogezwa. Simu inapofungua tovuti salama, hukagua hati ya utambulisho ya tovuti hiyo kwa kuilinganisha na orodha ya mashahidi wanaoaminika, orodha iliyowekwa ndani ya mfumo endeshi tangu kiwandani. Let's Encrypt, shirika linalotoa hati hizo bure kwa mamilioni ya tovuti, lilikuwa likitegemea saini ya shahidi wa zamani ambaye muda wake ungeisha Septemba 30, 2021. Shahidi wake mpya alijulikana tu kwa Android 7.1.1 na kuendelea.

Simu za matoleo ya nyuma, ambazo wakati tahadhari ilipotolewa mwaka 2020 zilikuwa kama theluthi moja ya simu zote za Android, zingeanza kukataa tovuti moja baada ya nyingine. Wahandisi walitafuta njia na kuipata kwenye tabia ya Android yenyewe: mfumo huo haukagui tarehe ya mwisho ya shahidi aliye kwenye orodha yake ya ndani. Shahidi wa zamani alikubali kumdhamini mpya kwa miaka mitatu zaidi, hadi Septemba 30, 2024.

Wenye simu kuukuu hawakuona chochote siku hiyo. Mtu alifungua ukurasa wa habari asubuhi na ukafunguka. Hiyo ndiyo sura ya upatanifu uliofanikiwa: hakuna anayeuona wala anayeushukuru.

Kiswahili cha Kongo chabadilishiwa alama

Mfano mwingine uko karibu zaidi na wasomaji wa Maniema, kwa sababu unahusu lugha yao wenyewe.

Kiswahili kiliingia Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara. Kabambare ilikuwa kituo kwenye njia ya kutoka Ziwa Tanganyika kwenda mto Lualaba, na Kasongo ilikuwa makao makuu ya wafanyabiashara wa pwani hadi majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalipouteka mji huo Aprili 1893. Watu wa pwani waliondolewa madarakani lakini lugha ilibaki, ikajulikana kama Kingwana, na ikakua kwa njia yake. Ilipofika mwaka 1930 kamati ya lugha ya makoloni ya Uingereza ilikuwa ikisanifisha Kiswahili kwa kufuata lahaja ya Unguja. Kongo ya Wabelgiji haikuwa mezani.

Kompyuta zilirithi mgawanyiko huo. Katika orodha ya kimataifa ya alama za lugha, Kiswahili cha pwani kilipewa alama ya swh na cha Kongo swc. Hazina ya takwimu za lugha ya Unicode, ambayo mifumo endeshi mingi huitegemea kujua majina ya siku, fedha na nchi kwa kila lugha, mwanzoni ilikiweka Kiswahili cha Kongo chini ya swc. Baadaye ikakihamishia sw-CD, yaani Kiswahili kama kinavyotumika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Badiliko hilo lingeweza kuvunja kila programu iliyoandikwa kwa alama ya kwanza. Halikuvunja, kwa sababu wahariri wa hazina hiyo waliacha kibao cha kuelekeza: programu ikiuliza swc, ielekezwe sw-CD. Jina limebadilika, mgeni aliyekuja na jina la zamani bado anaonyeshwa nyumba. Wataalamu wanaojenga mifumo huita jambo hilo upatanifu wa nyuma. Mwanakijiji wa Kasongo angeliita ustaarabu.

Ripoti ya mwezi haisubiri

Gharama ya kuvunja ahadi huonekana zaidi kwenye afya. Kasongo ina jina kubwa katika historia ya afya ya umma. Miaka ya 1970 mradi uliowashirikisha wataalamu wa Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ulijaribu hapo mpangilio wa vituo vya afya vinavyozunguka hospitali moja ya rufaa. Utafiti wao kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto ulichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1981. Watoto walifuatiliwa kwa kadi na daftari. Leo Kongo nzima imegawanywa katika zoni za afya zaidi ya 500.

Takwimu za zoni hizo sasa huingizwa katika DHIS2, mfumo unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na kutumiwa na wizara za afya za nchi nyingi za Afrika. Toleo lake la simu linaweza kujazwa bila mtandao na kutuma takwimu mawimbi yakipatikana.

Tuseme muuguzi mkuu wa kituo kimoja cha ndani Kabambare ana tableti ya miaka saba. Makao makuu yanasasisha seva. Programu iliyo kwenye tableti inadai toleo jipya, toleo jipya linadai Android ambayo tableti haina. Takwimu za mwezi zimo ndani ya kifaa, zimejazwa kwa uangalifu, na hazina njia ya kutoka. Mtu aliyeketi Kindu au Kinshasa anaona nafasi tupu, na nafasi tupu haisemi kama hakuna wagonjwa au hakuna ripoti.

Kufikia Januari 2020, mlipuko wa surua ulioanza mwaka 2019 ulikuwa umeua zaidi ya watu 6,000 nchini Kongo, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani. Ugonjwa wa kasi hiyo unafukuzwa kwa taarifa za kila wiki, na wiki moja ya ukimya ni ndefu.

Kwa nini namba za nyota na reli hazizeeki

Wakati programu za simujanja zikija na kuondoka, huduma za M-Pesa, Airtel Money na Orange Money nchini Kongo zinaendelea kupatikana kwa kubonyeza nyota, namba na reli, hata kwenye simu ya vitufe. Sababu ni kwamba menyu hiyo haiishi ndani ya simu. Iko kwenye mitambo ya mtandao, na simu hupokea maandishi tu kupitia kanuni za GSM ambazo simu nyingi duniani zinazifuata. SMS ya kwanza ilitumwa Desemba 3, 1992, na simu ya leo bado inaelewana na kanuni hizo.

Njia hiyo ina mipaka. Haionyeshi picha, maandishi yake ni mafupi na mawasiliano hukatika mawimbi yakitetereka. Lakini kwa mchuuzi anayetaka kujua kama pesa zimeingia, jukwaa linalofanya kazi kila siku lina thamani kuliko lenye rangi nyingi linalofanya kazi hadi sasisho lijalo.

Ya kuuliza kabla ya kuchagua

Wizara, shule, vyama vya ushirika na mashirika yanayopeleka programu Maniema yana maswali machache ya kujibu kabla ya kusaini. Programu itahudumia Android ya chini kabisa ya toleo gani, na kwa miaka mingapi? Inafanya kazi bila mtandao? Sasisho moja hula mega ngapi? Kifaa kikiachwa nyuma, takwimu zilizomo zinaweza kutolewa katika faili la kawaida ambalo programu nyingine inalisoma? Seva mpya itaendelea kupokea ripoti za programu ya zamani hadi wa mwisho ahame?

Mnunuzi wa kawaida naye anaweza kujilinda. Kabla ya kutoa pesa, afungue mipangilio ya simu, aingie sehemu ya kuhusu simu, na asome toleo la Android na tarehe ya mwisho ya marekebisho ya usalama. Simu inayong'aa yenye Android ya miaka mingi nyuma ni ya zamani hata kama boksi halijafunguliwa.

Kuna tarehe nyingine inayokuja. Mifumo mingi ya biti 32 huhesabu saa kwa sekunde tangu Januari 1, 1970, na hesabu hiyo itajaa Januari 19, 2038, saa 11 na dakika 14 alfajiri kwa saa za Maniema. Vifaa visivyorekebishwa vitajiona vimerudi Desemba 1901. Kiini cha Linux kiliandaliwa kwa siku hiyo mapema, toleo la 5.6 la mwaka 2020 likiwa na marekebisho ya kuwezesha mifumo ya biti 32 kuvuka. Marekebisho hayo hayana faida kwa simu ambayo haitasasishwa kamwe.

Wakati huo ukifika, huenda baadhi ya simu zinazouzwa leo Kindu zitakuwa bado mikononi mwa watu wa Kasongo na Kabambare. Alfajiri hiyo ikipita bila mtu kushtuka, itakuwa kwa sababu kuna waliokumbuka kwamba simu hizo bado zinatumika.